Mzigo wa Mwenzio: Historia ya Mashua Zilizobebwa, Kutoka Bagamoyo hadi Karatu

Kwa mtu wa visiwani, chombo ni kitu kinachobeba watu. Jahazi hubeba tende na boriti, mashua huvusha abiria, ngalawa humbeba mvuvi na mshipi wake. Mshairi akitaja chombo, msomaji hupata mara moja picha ya kitu kinachotuvusha, na ndiyo maana maisha, ndoa na hata umauti vimefananishwa mara nyingi na safari ya baharini katika tungo zetu. Bara ya Afrika Mashariki, walakini, ina historia ya vyombo vya namna nyingine: vyombo vilivyobebwa na watu. Vilikatwa vipande, vikafungwa kwenye miti, vikapandishwa mabegani na kupelekwa mamia ya maili penye vumbi na miiba, ndipo vikaunganishwa na kuwekwa majini. Waliovibeba, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa Unguja na wa Mrima.

Makala haya yanahusu vyombo hivyo na mabega hayo. Yataishia mahali ambapo msomaji wa pwani hatarajii kukuta habari ya mashua, yaani Karatu, kwenye miteremko ya Ngorongoro, ambako bahari ni neno tu.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake inajulikana: uzito auonao aliyebeba, asiyebeba hauoni. Nimeona kwamba historia ya mashua za kukunja na kufungua haielezeki vizuri zaidi kuliko kwa methali hiyo.

Karatasi za fundi bomba

Niliingia katika habari hii kwa mlango wa tafsiri. Mwaka jana nilikaa Karatu majuma mawili, kwa binti yangu anayesomesha huko. Jirani yake mmoja, kijana fundi bomba, aliposikia kwamba mgeni ni mtu wa kufasiri vitabu, alikuja jioni na karatasi kumi na mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza. Zilikuwa maelekezo ya kutengeneza nyumbani kiunzi cha kayaki ya kukunja kwa mabomba ya plastiki.

"Shikamoo mzee. Michoro naielewa," alisema. "Maneno ndiyo yananishinda."

Kayaki, kwa asiyeijua, ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, kinachoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Walioibuni ni watu wa nchi za barafu za kaskazini, kama Wainuit wa Greenland na Kanada. Miti huko ni haba. Walikusanya magogo yaliyoletwa na mawimbi, pamoja na mifupa ya wanyama, wakafunga kiunzi kwa kamba za ngozi, kisha wakakivika ngozi ya sili iliyoshonwa. Chombo kizima hakikuwa na msumari. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba mwindaji alikibeba mwenyewe kutoka nyumbani kwake hadi majini.

Karatasi za kijana yule zilifuata utaratibu huo huo kwa vifaa vya dukani. Bomba refu la katikati hukaa mahali pa mkuku. Kila upande wake hupita fito mbili au tatu za bomba jembamba, kutoka omo hadi tezi. Kwa mapana hukaa mataruma matano, yaliyopindwa kwa bomba au kukatwa katika bao nene la plastiki. Hakuna kipande kinachozidi urefu wa mita moja, ili vyote viingie katika mfuko mmoja. Vipande huunganishwa kwa kuingiza bomba dogo ndani ya bomba kubwa: upande mmoja hutiwa gundi, upande wa pili huachwa huru ili ufunguliwe. Penye makutano ya fito na taruma hufungwa kamba. Juu ya yote huvikwa turubai zito, kama lile la kufunikia lori, lililokatwa na kushonwa kwa kipimo cha chombo.

Kijana hakuhitaji kufundishwa kazi yenyewe. Fundi bomba yeyote wa Karatu anajua kwamba bomba la plastiki halipindwi likiwa tupu. Hulijaza mchanga mkavu, akaziba ncha, akalipitisha juu ya moto wa makaa akiligeuza polepole mpaka lilegee, ndipo akalipinda. Mchanga hulizuia lisibonyee. Anajua pia udhaifu wake: bomba hilo hunepa likiwa refu, jua la miaka mingi hulifanya kuwa kavu na rahisi kuvunjika, na likijaa maji halielei. Kwa hiyo karatasi zilisisitiza mambo matatu: mataruma yasiwe machache, ncha zote za mabomba zizibwe, na mifuko iliyojazwa upepo iwekwe omo na tezi ili chombo kikipinduka kisizame. La nne lilikuwa la dhahiri, kwamba mtu asiingie majini bila jaketi la kuokolea.

Kazi yangu ilikuwa maneno, na hapo ndipo nilipostaajabu. Nilidhani nitapungukiwa. Nikakuta kila sehemu ya chombo kile cha watu wa barafu imekwisha kupewa jina na mafundi wetu wa pwani: mkuku, taruma, omo, tezi, fito. Neno kiunzi lenyewe ni la waundaji wa vyombo na wajenzi wa nyumba kabla ya kuwa la mtu mwingine. Kijana wa Karatu, ambaye mama yake ni Mwiraqw na ambaye bahari aliiona mara moja tu Tanga, aliyasoma maneno hayo kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Nilipomweleza kwamba taruma la jahazi na taruma la bomba lake ni neno moja, alicheka, akaliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya bomba lenyewe.

Chombo kilichoshonwa

Si ajabu kwamba lugha yetu ililipokea umbo hilo bila shida. Pwani hii ilijua vyombo visivyo na misumari tangu zamani za kale. Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliyeandika mwongozo wa mabaharia wa bahari ya Hindi, alitaja vyombo vidogo vilivyoshonwa, akasema kwamba bandari ya mwisho ya pwani hii, Rhapta, ilipata jina lake kutokana na vyombo hivyo. Mtepe wa Lamu na wa Wabajuni ulikuwa mrithi wa ufundi huo. Mbao zake zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za kumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mtepe ulinepa na wimbi pale ambapo chombo cha misumari kingepasuka, na kamba zikichakaa ziliondolewa, mbao zikashonwa upya. Ulitoweka majini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi waliunda mfano wake, ukawekwa katika Beit-al-Ajaib mjini Unguja, nyumba ambayo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020.

Kwa hiyo kiunzi cha mabomba kilichofungwa kwa kamba kina udugu na mtepe kuliko ulivyo udugu wa mtepe na jahazi la misumari. Tofauti iliyopo ni moja, nayo ni kubwa. Mtepe uliundwa ufukweni na kuishia ufukweni. Kayaki ya kukunja imeundwa ili isafiri nchi kavu kabla ya kusafiri majini. Suala la kwanza la chombo cha namna hiyo ni nani atakayekibeba.

Louisa na Lady Alice

Swali hilo liliulizwa pwani yetu kwa mara ya kwanza kwa sauti kubwa mwaka 1857. Richard Burton na John Speke walikuja Unguja na mashua ya chuma iliyotengenezwa vipande vipande, jina lake Louisa. Walikusudia kuifikisha katika maziwa ya bara. Wachukuzi wa kutosha hawakupatikana, mashua ikaachwa pwani. Mwaka uliofuata walipofika Ujiji, wasafiri hao walikuwa mbele ya ziwa refu bila ya chombo. Speke akavuka kwa mtumbwi wa kukodi kwenda kisiwa cha Kasenge kumwomba mfanyabiashara wa Kiarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, jahazi lake. Akarudi bila jahazi. Sehemu ya kaskazini ya ziwa waliitembelea kwa mitumbwi, wala hawakufika kwenye ncha yake. Ubishi wao mkubwa juu ya chanzo cha mto Nile una mambo mengi ndani yake, lakini mojawapo ni hilo la mabega yaliyokosekana Unguja.

Henry Morton Stanley alilijua somo hilo. Mwaka 1874 aliagiza mashua kwa fundi James Messenger wa Teddington, karibu na London. Ilikuwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 6, ya mbao nyembamba za mwerezi, imegawanywa sehemu tano. Aliipa jina la msichana wa Kimarekani aliyemposa, akaiita Lady Alice. Ilipofika Unguja akaipima. Sehemu nne zilikuwa na uzito wa ratili 280 kila moja, na ya tano ratili 310.

Tuzigeuze hesabu hizo katika kipimo walichokijua mahamali wenyewe. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mchukuzi wa misafara ulikuwa frasila mbili. Sehemu moja ya Lady Alice ilikuwa frasila nane kamili, na ile nzito ilikaribia tisa. Mashua nzima ilikuwa frasila 41. Fundi mmoja aliyekuwa Unguja, Ferris, akapewa kazi ya kuipunguza na kuigawa upya ili ipite katika njia nyembamba za msituni. Kwa hiyo mashua hiyo mashuhuri, inayohesabiwa kuwa ya Teddington, ilikamilishwa kwetu.

Waliopewa kuibeba walikuwa mahamali wa Unguja, watu wa bandarini waliozoea magunia na marobota. Stanley mwenyewe ameeleza mpango wao. Kila sehemu ilipewa watu wanne, wakipokezana wawili wawili. Mshahara wao ulizidi hata wa wakubwa wa msafara, isipokuwa Manwa Sera aliyekuwa mkuu wao. Posho yao ya chakula ilikuwa mara mbili, na waliruhusiwa kufuatana na wake zao. Mtu anayesoma haya anaelewa kwamba bwana yule, pamoja na ukali wake wote, alijua wazi ni nani walioishika safari yake. Mchukuzi wa shanga akitoroka, zimepotea shanga. Mchukuzi wa mashua akitoroka, limepotea ziwa.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukiwa na watu wapatao 350. Ulifika Kageye, kusini mwa ziwa Viktoria, tarehe 27 Februari 1875, baada ya siku 103 na maili 720 kwa hesabu ya Stanley. Njaa ya Ugogo, mvua, maradhi na vita katika nchi ya Wanyaturu, Singida ya leo, viliwapunguza watu sana. Mashua ilifika. Tarehe 8 Machi ikateremshwa majini, ikalizunguka ziwa kwa muda wa siku 57. Mwaka 1876 ilizunguka ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa mwaka huo iliingia mto Lualaba, na mwanzo wa safari hiyo ya mto ilisindikizwa na watu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye baadaye aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili. Tarehe 31 Julai 1877, juu ya maporomoko ya Isangila, ikaachwa juu ya mwamba ioze. Waliokuwa wakiibeba hawakuwa na nguvu tena, na bahari ya magharibi ilikuwa karibu. Walipofika Boma mwezi Agosti walikuwa watu 115 hivi. Wengine walikufa au waliacha msafara njiani.

Haifai kuificha sehemu nyingine ya habari hii. Mashua ile haikufika kama mgeni tu. Mwezi Aprili 1875 Stanley na mabaharia wake waliponea chupuchupu katika kisiwa cha Bumbire. Mwezi Agosti alirudi na kundi la mitumbwi, akawapiga risasi watu wa kisiwa waliosimama ufukweni, wakafa wengi. Chombo kilichobebwa na wanyonge kwa jasho lao kilikwenda kuwa chombo cha kuwaumiza wanyonge wengine. Hilo pia ni sehemu ya uzito wake.

Jina moja la mashua hiyo limebaki kwa heshima. Uledi, aliyeshika usukani, aliwaokoa watu wengi kutoka majini, na Stanley alimtaja kuwa shujaa mkubwa kuliko wote wa msafara. Tunamjua Uledi kwa sababu alikuwa ndani ya chombo. Wale wa chini ya chombo, waliokipitisha miiba ya Ugogo, wamebaki majina katika orodha, na wengi hata hilo hawana.

Ziwa lililopitwa

Msomaji atauliza Karatu inaingiaje hapa. Inaingia kwa njia ya maji. Nchi ya Wanyaturu, ambako msafara wa Lady Alice ulipigana Januari 1875, iko kando ya bonde la Wembere. Maji ya bonde hilo hukusanyika katika ziwa Kitangiri, yakapita mto Sibiti, yakaishia ziwa Eyasi, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, katika mpaka wa wilaya ya Karatu. Eyasi ni ziwa la chumvi lisilo na mto wa kutokea. Miaka ya ukame hukauka sehemu kubwa, likawa uwanja mweupe wa magadi. Miaka ya mvua nyingi hupanuka, samaki wakaongezeka, na wavuvi wakafika kutoka mbali. Mashua iliyobebwa maili 720 ilipita jirani na bonde hilo bila kugusa maji yake.

Ziwa hilo liliingia katika ramani za Ulaya mwaka 1892. Mjerumani hakuwa wa kwanza. Alikuwa Mwaustria, Oscar Baumann. Huyu alikuwa mtu wa pwani kwa kiasi chake. Mwaka 1888, katika vita vya Abushiri bin Salim, alikamatwa pamoja na Hans Meyer, wakafungwa minyororo hadi walipokombolewa kwa fedha. Januari 1892 aliondoka Tanga na msafara mwingine, akapita kando ya ziwa Manyara, akapanda, na tarehe 18 Machi akasimama juu ya ukingo wa Ngorongoro. Baadaye aliandika juu ya Unguja, Pemba na Mafia, akawa konseli wa Austria mjini Unguja, akafariki mwaka 1899 akiwa na umri wa miaka 35 tu.

Vitabu vingi husema kwamba Baumann aliigundua Ngorongoro. Mfasiri anapaswa kulihofu neno hilo. Wamasai walikuwa wakilisha ndani ya kreta, Wadatoga na Wahadza walikuwa wakiishi ukingoni mwa Eyasi, na wapagazi waliokuja naye waliyaona maji hayo kwa dakika ile ile aliyoyaona yeye. Alichokifanya Baumann ni kuandika. Na katika alichokiandika, cha thamani kuliko vipimo vya milima ni ushuhuda wake juu ya njaa. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe, nao Wamasai wa Ngorongoro, waliokuwa matajiri wa nchi ile, aliwakuta wakiwa mifupa na ngozi, wakikusanyika penye kambi yake kuomba chakula. Msafara uliobeba mizigo ya wenyewe ulipita katikati ya watu wasioweza kubeba hata miili yao.

Kutoka bega hadi reli

Baada ya hapo uzito wa vyombo ulikua kupita mabega. Meli William Mackinnon iliyoteremshwa majini Kisumu mwaka 1900 ilifika pwani vipande vipande, na sehemu ya safari yake kwenda ziwani ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi kabla reli ya Uganda haijafika. Wajerumani nao walijenga Graf von Goetzen huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaipakia katika makasha yapatayo 5,000, wakaileta Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli hadi Kigoma, ikateremshwa Februari 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mtu angedhani kwamba reli ilimpumzisha mchukuzi. Vita vile vile vilivyoizamisha meli ya Kigoma viliwachukua wachukuzi wengi mno, na waliokufa kwa njaa na maradhi walihesabika kwa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, sokoni tunakonunua vitambaa na simu, limetokana na kikosi hicho cha wachukuzi cha Waingereza. Kila siku maelfu hulitamka bila kujua kwamba wanataja mzigo.

Wakati huo huo, huko Ujerumani, wazo la mashua ya kubebwa lilikuwa limegeuka. Mwaka 1905 mwanafunzi wa usanifu majengo, Alfred Heurich, alitengeneza kayaki kwa vijiti vya mwanzi na kitambaa cha tanga, akateremka nayo mto Isar hadi Munich. Mwaka 1907 fundi cherehani wa Rosenheim, Johann Klepper, alinunua haki ya kuitengeneza. Ni vizuri kukumbuka kwamba chombo hiki kilikuzwa na mshonaji nguo. Mtu wa kawaida aliifunga mashua yake katika mifuko miwili, akapanda treni, akaifungua ukingoni mwa mto. Mwaka 1932 Oskar Speck aliondoka Ulm na kayaki ya namna hiyo, na mwaka 1939 akafika nayo Australia.

Hapo ndipo badiliko kubwa lilipotokea, nalo halikuwa la mbio wala la umbali. Kama ilivyokuwa kwa kayaki ya Wainuit, mwenye kukaa ndani ya chombo na mwenye kukibeba walikuwa mtu mmoja. Louisa na Lady Alice zilikuwa vyombo vya kukunjwa kwa sababu zilimilikiwa na mtu asiyekusudia kuzibeba. Ya Klepper ilikuwa ya kukunjwa kwa sababu mwenyewe ndiye atakayeibeba, na hivyo kila ratili iliyopunguzwa ilikuwa rehema kwa bega lake mwenyewe.

Frasila moja na nusu

Kayaki ya mabomba ya Karatu iko katika ukoo huo wa pili. Kwa hesabu ya karatasi zile, chombo cha mita nne pamoja na turubai lake hakizidi sana frasila moja na nusu. Ni chini ya mzigo wa mpagazi mmoja wa mwaka 1874. Vifaa vyake havitoki Teddington wala Rosenheim. Viko katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Karatu, kwa sababu wilaya ile ina kiu ya maji ya bomba na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola humwagiliwa. Bomba lililokusudiwa kuleta maji kwa watu linatumika kumpeleka mtu kwenye maji. Kijana anaweza kuifunga nyuma ya pikipiki, akateremka kwenda Mang'ola na Eyasi mwaka ambao mvua imeshiba, bila kumwajiri mtu wala kumtuma. Hana haja ya kwenda kreta: ziwa Magadi la Ngorongoro limeachiwa heroe.

Hata hivyo, isemwe pia kwamba wepesi huu una mzigo wake uliofichwa. Plastiki haiozi. Bomba likikauka kwa jua na kuvunjika, vipande vyake vitabaki ukingoni mwa ziwa baada ya mwenye kayaki kuzeeka. Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa. Tunazikuta kandambili na chupa katika kila fukwe. Lamu walilijibu jambo hilo kwa namna yao. Mnamo Septemba 2018 ilizinduliwa huko Flipflopi, jahazi la urefu wa mita 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, likapambwa kwa kandambili 30,000, chini ya fundi Ali Skanda, mzaliwa wa ukoo wa waundaji vyombo. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri hadi Unguja, masafa ya kilomita 500. Halikuwa chombo chepesi. Lilikuwa chombo kilichokubali kubeba taka ambazo wengine waliziachia bahari, na kwa hiyo ni jawabu kwa methali yetu. Fundi wa mabomba naye atapaswa kujibu swali hilo kwa njia yake: ahesabu vipande anapokwenda, avihesabu anaporudi.

Makumbusho yetu huandika juu ya vyombo urefu, upana, aina ya mti na jina la mwenyewe. Napendekeza iongezwe safu moja: uzito, na nani aliyeubeba. Tukifanya hivyo, Lady Alice haitakuwa tena mashua ya Mwingereza mmoja wala jina la msichana ambaye, kabla safari haijaisha, alikuwa ameolewa na mtu mwingine. Itakuwa frasila 41 za mahamali wa Unguja. Na ile ya mabomba, ambayo taruma lake limeandikwa neno taruma, itaingia katika daftari hilo hilo kwa mstari mfupi: frasila moja na nusu, mwenyewe.